Mwimbaji Aliyeukabidhi Ufunguo wa Sanduku Lake

Katika kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi pana mahali pamoja ambapo uaminifu wa mtu hauulizwi wala hausifiwi. Mahali hapo ni ghala la silaha. Ajapo koplo kuchukua bunduki kwa ajili ya lindo, huandikwa jina lake, namba ya bunduki, idadi ya risasi na saa aliyozipokea. Arudipo, huandikwa tena. Hata kamanda mwenyewe, ambaye hapana amshukuye, hutia sahihi yake kama kuruta. Wala hapana askari anayeona kwamba daftari lile limemvunjia heshima. Anafahamu kuwa liliwekwa kwa sababu binadamu ni binadamu, na kwa sababu kosa moja la ghalani laweza kumwaga damu ya watu wasio na hatia.

Nimeanza na daftari hilo kwa kuwa leo nakusudia kusimulia habari za mtu aliyeitendea fedha yake kama vile jeshi linavyozitendea silaha zake. Mtu huyo ni marehemu Rich Mullins, mwimbaji wa nyimbo za Kikristo wa Marekani, aliyefariki mwaka 1997. Yamkini baadhi ya wasomaji wamewahi kuuimba wimbo wake kanisani bila kumjua mtunzi. Wengine, na hasa ndugu zetu Waislamu, huenda hawajapata kulisikia jina lake. Si kitu. Maisha yake yana jambo moja la kumfaa kila avaaye sare, awe wa dini yoyote. Yana na jambo la pili, lililo chungu, ambalo nitalieleza mwishoni.

Richard Wayne Mullins alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1955 katika jimbo la Indiana, mji wa Richmond, akakulia shambani. Utotoni alihudhuria ibada za Kanisa la Marafiki, ambao wengi huwaita Quakers. Kanisa hilo si geni katika nchi zetu hizi. Wamisionari wake kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902, na mwaka 1934 wengine wakaanzisha kituo cha Kibimba nchini Burundi. Marafiki wanajulikana duniani kote kwa kukataa kushika silaha. Kwa hiyo huenda askari akauliza: mtu aliyelelewa miongoni mwa watu hao ana somo gani la kunipa mimi niliyeapa kuilinda nchi kwa bunduki? Jawabu langu ni kwamba aliyeshika bunduki na aliyekataa kuishika wana adui mmoja asiyeonekana, naye ni tamaa ya nafsi. Katika vita hivyo mwenye mbinu njema husikilizwa, atokako kokote.

Mwaka 1974 Mullins alikwenda Cincinnati, jimbo la Ohio, kusoma katika chuo cha Biblia. Ili apate fedha ya masomo alifanya kazi katika jengo la kuegesha magari. Baadaye akaunda na wenzake kikundi cha uimbaji kilichoitwa Zion, ambacho kilitoa sahani yake mwaka 1981. Kikundi hicho hakikuvuma, lakini mojawapo ya nyimbo alizozitunga Mullins lilipata bahati: mwaka 1982 mwimbaji Amy Grant, aliyekuwa nyota inayochomoza katika muziki wa Kikristo, aliurekodi wimbo huo katika sahani yake iliyouzwa sana. Tangu hapo milango ilifunguka. Mullins alitoa sahani ya kwanza kwa jina lake mwenyewe mwaka 1986, na mwaka 1988 akatoa wimbo uliomtangaza kuliko zote, uitwao Awesome God, ambao haukukawia kuenea makanisani ndani na nje ya Marekani. Zikafuata sahani nyingine, na ile ya mwaka 1993, aliyoitoa pamoja na kundi lake la Ragamuffin Band, yaani kundi la wavaa matambara, wajuzi wengi wa muziki huo huihesabu kuwa kazi yake bora.

Jina hilo la wavaa matambara halikuwa la mzaha. Mullins alipanda jukwaani mara nyingi akiwa miguu mitupu, amevaa fulana nyeupe na suruali kuukuu, na nywele zake hazikujua kitana. Alipiga piano kwa ustadi mkubwa, na alipenda kupiga ala ya nyuzi iitwayo dulcimer, ambayo mtu wa pwani akiiona ataikumbuka kanuni ya taarabu, ila nyuzi zake hugongwa kwa vijiti viwili. Kati ya wimbo na wimbo alizungumza na watu, wala hakuwaficha kwamba yeye mwenyewe ni mtu mwenye udhaifu na makosa mengi.

Ieleweke vema kwamba wakati huo uimbaji wa nyimbo za Kikristo nchini Marekani ulikwisha kuwa biashara kubwa. Makao yake yalikuwa katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Palikuwa na makampuni ya kutoa sahani, vituo vya redio, magazeti, tuzo za kila mwaka na mawakala wa kupanga safari. Mwimbaji aliyefanikiwa aliweza kutajirika kwa kulitaja jina la Mungu, na wako waliotajirika. Hapana haja ya kuwalaumu, kwani mfanyakazi anastahili ujira wake. Lakini yeyote aliyepata kuona jinsi baadhi ya waimbaji wa injili wa zama hizi, hata katika nchi zetu, wanavyoshindana kwa magari na mavazi, atafahamu ni majaribu ya namna gani yaliyomkabili kijana yule wa shambani.

Naye alitenda nini? Alifanya mambo mawili. La kwanza, aliondoka. Mwaka 1988, mwaka ule ule wimbo wake mkuu ulipotoka, alihama Nashville akaenda kukaa Wichita, katika jimbo la Kansas, mbali na wakubwa wa biashara hiyo. Huko aliingia katika Chuo Kikuu cha Friends, akaketi darasani pamoja na vijana waliokuwa wakizisikia nyimbo zake redioni, akahitimu mwaka 1995 shahada ya ualimu wa muziki. Alipohitimu hakurudi mjini. Alikwenda kuishi katika nchi ya Wanavajo, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, mpakani mwa majimbo ya Arizona na New Mexico, akawa anawafundisha watoto muziki.

La pili ndilo kiini cha makala haya. Mullins alipanga kwamba mapato yote ya sahani zake na ya safari zake za uimbaji yasipitie mkononi mwake. Yalikabidhiwa kwa kanisa lake. Watu wa kanisa walitazama wastani wa mshahara wa mfanyakazi wa Marekani kwa mwaka ule, wakamlipa Mullins kiasi hicho, na kilichobaki chote wakakitoa kwa kuwasaidia wahitaji. Kazi mojawapo aliyoiunga mkono ni ile ya shirika la Compassion, linalosaidia watoto maskini, ambalo lina kazi pia katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Zaidi ya hayo, hakutaka kuambiwa jumla ya mapato yake. Nyimbo zake zilikuwa zikiimbwa kila Jumapili na sahani zikiuzwa, naye hakujua kama mwaka ule amepata laki au milioni.

Tuutazame utaratibu huo kwa makini, maana ni rahisi kuupita kwa kusema: alikuwa mtu mwema. Wema peke yake haukuhitaji utaratibu. Mtu aliyejiona mwema angalisema, fedha itakuja kwangu, nami nitagawa kwa kadiri moyo wangu utakavyonituma. Ndivyo wasemavyo wengi. Mwezi wa kwanza hutoa nusu, mwezi wa pili robo, na mwezi wa tatu hukumbuka kuwa paa la nyumba linavuja. Mullins hakusema hivyo kwa sababu aliujua moyo wake. Yule yule aliyekiri jukwaani kwamba ni dhaifu, alikwenda nyumbani akautendea udhaifu huo kama ukweli, akaufunga mlango kabla mwizi hajafika, na ufunguo akampa mwingine. Naona huo ndio unyenyekevu wenye manufaa.

Alipendezwa mno na habari za Fransisko wa Asizi, mtakatifu wa Italia wa zama za kale, hata mwaka 1997 yeye na wenzake wakatoa mchezo wa nyimbo uitwao Canticle of the Plains, uliohamisha maisha ya Fransisko hadi katika nyika za Marekani ya magharibi. Nalitaja hili kwa kuwa Fransisko naye alipata kuwa askari. Alikuwa mwana wa tajiri mwenye kuuza vitambaa. Akaenda vitani wakati mji wake ulipopigana na mji wa Perugia, akatekwa mwaka 1202, akakaa kifungoni muda wa kama mwaka mmoja. Baadaye aliuacha utajiri wa baba yake hadharani. Mullins hakwenda mbali kiasi hicho. Alijiachia mshahara wa mtu wa kawaida, nyumba ya kukaa na chombo cha kusafiria. Naye alijua kwamba si kila mtu ameitwa kuvua joho lake sokoni. Lakini kila mtu aweza kuamua kinachomtosha, kisha akamweka shahidi.

Sasa tugeuke tuitazame hali yetu. Konstebo amesimama kizuizini tangu alfajiri. Gari linasimama, dereva anatoa leseni, na ndani ya leseni pana noti iliyokunjwa. Hakuna neno lililosemwa. Askari yule si mwovu. Asubuhi aliondoka nyumbani mtoto akiwa na homa, na karo ya shule ya mkubwa wake haijalipwa. Hapana daftari la noti zilizokunjwa, hapana sahihi, hapana shahidi. Kwa bunduki yake ataulizwa risasi moja moja. Kwa noti ile ataulizwa na moyo wake tu. Nao moyo, siku ile, unamwambia kwamba ni mara moja tu.

Sote twajua kwamba haiwi mara moja. Noti ya kwanza huitwa chai, ya pili huitwa desturi, na ya tatu huwa haki ambayo dereva akiichelewesha hutukanwa. Kisha hupita lori ambalo breki zake ni mbovu, nalo limekwisha kulipia njia. Na jioni askari yule yule huitwa kwenda kuwatoa maiti kwenye basi lililogongwa bondeni. Jeshini nako yapo ya namna hiyo: mafuta ya gari la kikosi yanayouzwa kwa madebe, mgao wa chakula unaopungua njiani kati ya bohari na jiko, majina ya askari wasiokuwapo yanayopokea mishahara. Kila jambo kati ya hayo lilianzwa na mtu aliyeuamini moyo wake.

Najua kuna pingamizi, tena lenye haki. Askari ataniambia: huyo Mullins wako hakuwa na mke wala mtoto, na mshahara wa wastani wa Mmarekani unaweza kulisha kituo chetu kizima. Aliyeshiba ana urahisi wa kuhubiri habari ya kufunga. Mimi nina watoto, wazazi na wadogo zangu, nami nalala katika nyumba ya bati inayovuja. Neno hilo ni kweli, wala silipingi. Serikali inayompa mtu bunduki na mamlaka juu ya raia, kisha ikamlipa ujira usiomfikisha katikati ya mwezi, imemweka katika majaribu kwa mkono wake, na ina deni kwake. Mimi nisemapo habari za mwimbaji huyu simshauri askari aridhike na dhiki, wala simshauri mkubwa atumie mfano huu kunyamazisha madai ya wadogo wake. Kuridhika na kinachotosha ni jambo moja. Kunyimwa kinachotosha ni jambo lingine.

Lakini pingamizi hilo halilifuti somo. Kama mishahara peke yake ingekuwa sababu, mafisa wa ngazi za juu, wenye nyumba na magari ya serikali, wasingalionekana mahakamani kwa wizi wa mamilioni. Tamaa haina cheo. Huanza pale mtu anapokuwa peke yake na kitu kisichohesabiwa, basi dawa yake ni kupunguza nafasi za mtu kuwa peke yake na kitu hicho.

Hilo laweza kufanywa na mkuu, na laweza kufanywa na askari mwenyewe. Mkuu wa kituo aweza kuhakikisha kwamba chumba cha vielelezo kina funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili. Kwamba faini hailipwi barabarani bila stakabadhi. Kwamba kikosi cha kizuizini hubadilishwa mara kwa mara, wala hapana mtu asimamaye peke yake. Na kwamba hesabu ya mafuta hubandikwa ukutani ambapo hata kuruta aweza kuisoma. Mkuu akianza na hesabu yake mwenyewe, wadogo hawatauona utaratibu huo kuwa tusi, kama vile ambavyo hawalioni daftari la ghala kuwa tusi.

Askari naye aweza kukata akiba yake katika chama cha akiba na mikopo kabla mshahara haujamfikia mkononi, ili siku ya homa ya mtoto awe na pa kukimbilia pasipokuwa dirisha la gari. Aweza kumwonyesha mke wake, au mume wake, karatasi ya mshahara, na wakakubaliana kwamba kitakachozidi hapo kiulizwe kimetoka wapi. Wako waliofanya hivyo, na wake zao wamekuwa walinzi wao bora kuliko inspekta yeyote. Aweza pia kumwambia mwenzake wa doria, kwa maneno wazi: ukiniona nanyosha mkono, nikemee. Ni vigumu kutamka maneno hayo. Lakini aliyekwisha kuyatamka ameujenga ukuta ambao moyo wake peke yake usingeweza kuujenga.

Niliahidi kusema jambo la pili, la uchungu. Usiku wa tarehe 19 Septemba 1997, Mullins na mwimbaji mwenzake walikuwa safarini katika jimbo la Illinois kwa gari aina ya jeep, wakielekea Wichita kuimba katika onyesho la kuchangia wenye shida. Gari lao lilipinduka. Wote wawili hawakuwa wamefunga mikanda, wakatupwa nje. Lori lenye tela lililokuwa likija nyuma lilikwepa lisiligonge gari lililopinduka, likamgonga Mullins aliyekuwa amelala barabarani, akafa papo hapo. Mwenzake aliumia vibaya, lakini alipona. Mullins alikuwa na umri wa miaka 41.

Askari wa usalama barabarani wataisoma habari hiyo kwa namna yao. Mtu aliyeweza kujifungia sanduku la fedha hakujifungia kipande cha mkanda. Aliyeujua udhaifu wa moyo wake hakuukumbuka udhaifu wa mwili wake. Sisemi haya kwa kumlaumu marehemu; wengi wetu tumepanda gari la kikosi nyuma, tumening'iniza miguu, tukicheka. Nayasema kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba mwenye nidhamu katika jambo moja anayo katika yote. Haiwi hivyo. Polisi asiyepokea rushwa aweza kuwa mpigaji wa mahabusu. Askari hodari mbele ya adui aweza kumvunjia mke wake taya. Dereva asiyekunywa pombe kamwe aweza kukimbia kama kichaa. Kila mlango una kufuli yake, na kufuli ya mlango wa mbele haizuii mwizi wa dirishani. Hivyo yatupasa tuuzunguke ua wetu wote, kama mlinzi wa usiku azungukavyo kambi, tukiuliza: hapa je, pamefungwa?

Siku tisa kabla ya kifo chake, tarehe 10 Septemba, Mullins aliingia katika kanisa kuukuu lisilotumiwa tena, akarekodi nyimbo mpya kuhusu Yesu kwa chombo kidogo cha kaseti, ziwe mfano tu wa kazi aliyokusudia kuikamilisha. Wenzake waliikamilisha, ikatolewa mwaka 1998 pamoja na sauti ya kaseti ile ile, yenye mikwaruzo yake yote. Mwaka huo huo tuzo za muziki wa injili za Marekani zilimtangaza kuwa msanii wa mwaka, wakati ambapo alikwisha kuzikwa. Hakuwapo kuipokea, na kwa kadiri ya utaratibu wake, hata faida ya sahani ile isingalipita mkononi mwake.

Ndugu askari, kesho asubuhi utakapotia sahihi daftari la ghala, litazame mara ya pili. Jeshi halikuliweka kwa sababu linakuchukia. Limekubali tu kwamba hata mtu mwema huchoka, husahau na hujaribiwa, likamsaidia kabla hajaanguka. Kisha jiulize ni vitu gani vingine ulivyokabidhiwa, vyenye kuweza kuua kama risasi, ambavyo bado havina daftari.